Maswali ya Wasomaji: Kitakasa Mikono Kinapopanda Meli

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, salaam. Nina karakana ndogo Mbagala, Dar es Salaam, ninakotengeneza bidhaa za usafi. Nimepata mteja mwenye hoteli Unguja na mwingine mwenye duka Moroni, Komoro, na wote wanataka mzigo uende kwa meli. Bidhaa ni tatu: kitakasa mikono chenye ethanoli asilimia 70, katika madumu ya lita 20 na chupa za nusu lita, dawa ya kuondoa madoa ya grisi ninayoichanganya kwa waiti spiriti (kiyeyusho cha petroli) na sabuni, na dawa ya maji ya kupigia deki yenye ethanoli asilimia 5 ili sakafu ikauke haraka. Wakala wangu ananishauri niandike "sabuni na dawa za usafi" kwenye hati zote ili mzigo usikwame bandarini. Rafiki yangu naye amenipa namba ya UN, yaani namba ya utambulisho wa shehena hatari, anayoitumia kwa bidhaa zake, akasema inafaa kwa zangu zote. Nimfuate nani?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ndugu msomaji, usimfuate hata mmoja kati ya hao wawili. Maneno "sabuni na dawa za usafi" yanaeleza kazi ya bidhaa, ilhali kanuni za usafirishaji wa shehena hatari haziulizi bidhaa inafanya kazi gani, bali zinauliza kimiminika chenyewe kitafanya nini kikipata joto, kikivuja, na mvuke wake ukikutana na cheche. Kwa meli ziendazo nje ya nchi kanuni hizo zimo katika kitabu kiitwacho IMDG, ambacho kimekuwa cha lazima tangu Januari 1, 2004 chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Afisa wa meli huitegemea hati yako kuamua kontena lipangwe wapi na likae mbali na nini; moto ukizuka usiku, mabaharia huisoma hati hiyohiyo kabla ya kuamua waukabili kwa njia gani. Hati ikisema sabuni, wataingia humo wakidhani wanakwenda kuzima sabuni.

Kipimo kikuu cha kuainisha vimiminika vya namna hii ni joto la chini kabisa ambalo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ukisogezewa mwali, na watu wa kazi hii hulitaja kwa jina la flashi pointi. Nimesimama mara nyingi mbele ya kifaa kinacholipima. Kimiminika hutiwa katika kikombe kidogo cha chuma chenye kifuniko, hupashwa moto polepole huku kikikorogwa, na kila joto linapopanda nyuzi moja au mbili kidirisha cha kifuniko hufunguka, mwali mdogo ukachungulia ndani kwa muda mfupi na kurudi. Unaweza kurudia hivyo mara kumi bila kuona lolote, kisha mara ya kumi na moja ukaona mmweko wa buluu unaotambaa juu ya kimiminika na kupotea. Joto la wakati huo ndilo namba unayoitafuta. Kinachowaka hapo ni mvuke, wala si kimiminika, na Watanzania tunalijua jambo hilo kwa uchungu tangu lori la petroli lilipopinduka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, na moto uliofuata ukaua watu zaidi ya 100.

Kimiminika kikimweka, yaani mvuke wake ukishika moto hivyo, katika nyuzi 60 za Selsiasi au chini yake, kwa kikombe kilichofunikwa, kinaingia Daraja la 3, yaani vimiminika vinavyoshika moto. Baada ya hapo hupangiwa kundi la ufungashaji kulingana na ukubwa wa hatari, la I likiwa la hatari kubwa zaidi: kikianza kuchemka katika nyuzi 35 au chini yake, ni kundi la I, kikichemka juu ya hapo lakini kikamweka chini ya nyuzi 23, ni kundi la II, na kikimweka kuanzia nyuzi 23 hadi 60, ni kundi la III. Asetoni, kwa mfano, humweka karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na ethanoli tupu karibu nyuzi 13.

Sasa tuje kwenye bidhaa zako, na hapa naomba unisome kwa utulivu, kwa sababu watengenezaji wengi wa kwetu huteleza hapa. Wanadhani maji wanayoongeza yanaua moto. Maji huupunguza, lakini polepole mno kuliko tunavyodhani: mchanganyiko wa ethanoli asilimia 70 bado humweka chini ya nyuzi 23, na hata ukishuka hadi asilimia 40 bado humweka karibu nyuzi 26, joto ambalo Dar es Salaam tunalipata kabla ya saa tatu asubuhi. Kwa hiyo kitakasa mikono chako ni Daraja la 3, kundi la ufungashaji la II, namba UN 1170, na jina lake kwenye hati huandikwa kama lilivyo katika orodha, ETHANOL SOLUTION, wala si jina la kibiashara ulilolibandika kwenye chupa. Ukibadilisha fomula na kuchanganya ethanoli na isopropanoli, usiibebe namba hiyohiyo, kwani mchanganyiko wa alkoholi zisizo na jina lao la pamoja katika orodha huenda chini ya UN 1987, na majina ya alkoholi zenyewe hutajwa kwenye mabano.

Dawa ya madoa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa haina harufu kali wala haivukizi upesi, na mtu huiona kuwa ni ya upole. Waiti spiriti ya kawaida humweka karibu nyuzi 40. Kontena lililoanikwa juani kwenye yadi linaweza kupata joto linalopita nyuzi 50 ndani, maana yake dawa yako itasafiri ikiwa tayari imevuka joto lake la kumweka, na chupa moja iliyolegea kifuniko inatosha kujaza mvuke unaongoja cheche. Waiti spiriti ikiwa peke yake ina namba yake, UN 1300. Lakini wewe umeichanganya na sabuni na pengine vitu vingine, hivyo jina linaloelekea kufaa ni lile la jumla la vimiminika vinavyoshika moto, UN 1993, likifuatiwa na jina la kiambato kinacholeta hatari. Kundi lake ni la III endapo kipimo kitathibitisha. Nasema endapo, kwa sababu hesabu za mezani hazitoshi kwa mchanganyiko wa viambato vingi: kiambato chepesi kidogo tu huweza kuishusha namba ya mchanganyiko wote. Peleka chupa ya mchanganyiko uliokamilika kwenye maabara inayopima mafuta, upate cheti. Vilevile soma karatasi ya usalama, ile ya maelezo ya kemikali anayoitoa mtengenezaji, ya waiti spiriti uliyonunua uone kama imeainishwa kuwa na madhara kwa viumbe vya majini, kwani nyingi ziko hivyo, na vifungashio vinavyozidi lita 5 vitahitaji alama ya ziada ya samaki na mti.

Dawa ya deki haikusumbui. Mchanganyiko wa ethanoli na maji usiozidi asilimia 24 za alkoholi kwa ujazo umesamehewa na IMDG. Hakikisha tu kwamba hukutia magadi makali au tindikali, kwa kuwa hapo hatari ingekuwa ya kuunguza ngozi, na Daraja lingekuwa la 8.

Kuhusu vifungashio, chupa zako za nusu lita zina nafuu kubwa. Kundi la II huruhusiwa kusafiri kwa utaratibu wa kiasi kidogo iwapo kila chupa haizidi lita 1, na kundi la III iwapo haizidi lita 5, mradi katoni nzima isizidi kilo 30 na ibebe alama ya mraba uliosimama kwa pembe yake, wenye ncha nyeusi juu na chini na weupe katikati. Nafuu hiyo haifuti tamko la shehena hatari kwa safari ya baharini. Mzigo bado hutajwa kwa namba na jina lake. Madumu ya lita 20 hayaingii katika utaratibu huo. Geuza dumu utazame maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki: ukiona alama ya UN, kisha 3H1 (msimbo wa dumu la plastiki), kisha mkwaju (/) na herufi X au Y, basi aina hiyo imejaribiwa kwa kundi la II. Herufi Z ni kwa kundi la III pekee. Tazama pia mwaka wa kutengenezwa, kwani dumu la plastiki kwa kawaida halitumiki kwa shehena hizi baada ya miaka 5. Dumu lililokuwa la mafuta ya kula, hata liwe limeoshwa likang'aa, halina alama hiyo na halifai.

Mwisho, anayetia saini tamko ni wewe mtumaji, na uainishaji ni wajibu wako hata kama wakala ndiye aliyejaza fomu. Kwa upande wa Tanzania, wasiliana pia na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayosimamia sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, kuhusu usajili na vibali. Kwa mzigo wa Unguja ningetumia uainishaji uleule wa mzigo wa Moroni, kwa maana ethanoli haipoi kwa sababu safari ni ya saa chache, na vyombo vya njia hiyo hubeba abiria wengi.

SWALI: Ninauza vifaa vya hoteli Mombasa. Je, naweza kupakia spiriti ya kusafishia vioo na klorini ya unga ya bwawa la kuogelea katika kontena moja, ikiwa kila kimoja kimefungwa vizuri na kutajwa kwenye hati?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Klorini ya unga ya mabwawa mara nyingi ni kalsiamu haipokloraiti, iliyo Daraja la 5.1, vitu vinavyochochea moto kwa kutoa oksijeni. Spiriti ni Daraja la 3. Jedwali la utenganisho la IMDG linataka madaraja hayo mawili yatenganishwe, na kwa mizigo ya makontena hilo humaanisha kutokaa ndani ya kontena moja. Spiriti ikidondokea unga huo, joto la mmenyuko linaweza kuwasha bila cheche yoyote kutoka nje, na oksijeni ya unga ikauendeleza moto hata milango ikiwa imefungwa. Pakia makontena mawili.

SWALI: Karatasi ya usalama ya dawa ya kung'arisha samani niliyoagiza inasema ni kimiminika kinachoweza kuwaka, kategoria ya 4, flashi pointi nyuzi 78. Je, ni Daraja la 3?
Msomaji, Arusha

JIBU: Siyo. Kategoria ya 4 ya lebo za kemikali huanzia juu ya nyuzi 60 hadi 93, ilhali Daraja la 3 la usafirishaji hukomea nyuzi 60, kwa hiyo bidhaa inaweza kuwa na onyo kwenye lebo ya dukani na bado isiwe shehena hatari melini. Chunguza hata hivyo sehemu ya 9 ya karatasi hiyo uone kipimo kilifanywa kwa kikombe gani. Kikombe kilicho wazi hupoteza mvuke na kutoa namba kubwa zaidi, ndiyo maana mpaka wake ni nyuzi 65.6; kwa hiyo bidhaa iliyoandikwa nyuzi 64 kwa kikombe cha wazi imo ndani ya Daraja la 3 ingawa mmiliki wake anaona imevuka 60. Kisha linganisha na sehemu ya 14, inayohusu usafirishaji. Sehemu hizo mbili zikipingana, mwandikie mtengenezaji akueleze kwa maandishi kabla hujaweka nafasi ya mzigo.