Daktari wa mbuzi, daktari wa watu na mtu wa mvua kwenye boma moja, kwanini?

SWALI: Habari za kazi dada mhariri. Mimi mfugaji, niko Kongwa. Imekuja timu ya watafiti, mmoja daktari wa mifugo, mmoja daktari wa watu, mwingine yeye kazi yake kuuliza mvua tu na mbuga inajaa maji lini. Wanasema ni utafiti wa tabianchi na afya, wanataka damu ya mbuzi na ya watu wa nyumbani. Mbona wote pamoja? Na kuna wengine walishawahi kuchukua damu wakapotea mazima. Nisaini?

JIBU: Shikamoo ziwafikie wazee hapo nyumbani, kaka. Ukiwauliza wazee hao watakukumbusha 2007, homa ya Bonde la Ufa, maana mkoa wenu wa Dodoma uliumia sana na Tanzania nzima walikufa watu zaidi ya 100.

Ule ugonjwa ndo unajibu swali lako. Kuna aina ya mbu anaitwa Aedes, anataga kwenye udongo wa mbuga, yaani lile bonde tambarare linalojaa maji, mayai yanakaa makavu hata miaka, mengine tayari yana virusi, halafu ikija mvua ya El Niño mbuga ikafurika yanaanguliwa kwa mpigo, mbu wanauma mifugo, mbuzi na kondoo wanatupa mimba, na mtu anayechinja au kumzalisha mnyama anaipata homa hiyo kupitia damu ya mnyama. Sasa hapo utamwita daktari gani peke yake? Mwaka 2006 wataalamu wa setelaiti waliona bahari imepata joto na majani yamestawi kupita kawaida, dalili za mvua kubwa, wakatoa tahadhari wiki 2 mpaka 6 kabla wagonjwa hawajaanza kugundulika. Lakini chanjo ya mifugo kule Kenya imeanza Januari 2007, watu washaanza kufa Desemba 2006. Taarifa zilikuwepo ila kila ofisi na lake, na hili linaniuma mpaka leo. Na wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya walikuwa washaona mbu wa ajabu na mimba zinatoka, hakuna aliyewauliza mapema.

Kwahiyo huyo anayeuliza mvua usimdharau, mpe kila unachojua, wewe ndo unaijua hiyo mbuga.

Kuhusu kusaini, usisaini kwa aibu. Waombe kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kama kuna wageni toka nje basi na cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Waulize damu inapelekwa maabara gani, majibu yanarudi lini na nani atayasoma kwenye mkutano wa kijiji, waandike na namba ya simu. Una haki ya kukataa au kujitoa katikati na matibabu yako hayaguswi. Wakishindwa kujibu hayo, mwambie mwenyekiti wa kijiji awasimamishe kwanza.

Na mbuzi akitupa mimba usiishike kwa mikono mitupu, maziwa chemsheni, bwana mifugo apigiwe siku hiyohiyo.