Mishale inayoning'inia kando ya barabara za Hokkaido

Mkuu, ile mishale ya mistari myekundu na myeupe uliyoiuliza, ya kule Hokkaido, Japani, haielekezi njia ya kwenda mji wowote. Ncha inayotazama chini inaonyesha ukingo wa barabara. Wewe kaa upande wa ndani. Theluji ikishafunika lami, mistari na hata vyuma vya kando, hiyo ndiyo inayobaki kuonekana. Nguzo yenyewe husimikwa nje ya ukingo, mkono wake ulioshika mshale tu ndio unaochomoza hadi juu ya ukingo, ili katapila la theluji lisiigonge na lipate pa kurundika. Mingine ina taa za LED kwa ajili ya dhoruba. Ila usiukodolee macho mshale mmoja: unganisha miwili mitatu ya mbele, kona utaiona mapema.