Tovuti ninazowatumia rafiki zangu, kila mmoja na yake

Mkuu, umeuliza ni tovuti zipi tunazipenda kiasi cha kuwatumia rafiki zetu, ziwe za kuburudisha au za kazi. Mimi ni mtu wa linki wa siku nyingi, hapa mtaani kwetu Tanga watu hunipigia simu kuuliza "ile ya upepo inaitwaje vile?", kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Msimamo wangu kwanza: simtumii mtu orodha. Ukimwaga tovuti ishirini kwenye grupu la WhatsApp hakuna atakayefungua hata moja. Mimi humtumia mtu mmoja tovuti moja inayomhusu, na hapo hapo namwambia akishafungua afanye nini. Kabla ya kutuma naipima mwenyewe. Ifunguke kwenye simu ya kawaida, isianze kudai namba ya simu wala kadi ya benki, na isimalize bando la mtu kabla hajaona kitu.

Hiyo ya upepo ni earth.nullschool.net, iliyotengenezwa na Cameron Beccario mwaka 2013. Ukiifungua unakutana na dunia nzima, na juu yake vimistari vyembamba vinavyotiririka kufuata upepo. Zungusha kwa kidole mpaka uione Bahari ya Hindi, kisha gusa popote majini. Itakupa mwelekeo na kasi ya upepo wa mahali hapo. Nilimtumia jamaa yangu mwenye mashua, nikamwambia arudishe tarehe mpaka mwezi wa saba. Kusi yote ikawa mbele ya macho yake: inatoka kusini-mashariki, inapita kwetu, inavuka ikweta, halafu ikifika usawa wa Somalia inapinda na kukaza mwendo kuelekea Omani na India. Akaweka Januari, mistari ikageuka, kaskazi inashuka. Hizo ndizo pepo zilizoleta majahazi kutoka Arabuni na kuyarudisha, na huyu bwana anazijua mwilini tangu utotoni, ila hakuwahi kuziona zikiwa nzima namna ile. Swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini upepo unapinda pale. Ni mzunguko wa dunia unaousukuma upande, pamoja na nyanda za juu za Kenya na Ethiopia zinazouzuia kuingia bara. Tulizungumza habari hiyo jioni nzima.

Angalizo kwa wanaokwenda baharini: ile ni picha ya kompyuta inayokadiria hali ya dunia nzima, na mambo madogo ya karibu na ufuko, kama upepo wa matlai wa alfajiri, haiyapati sawasawa. Kabla ya kutweka tanga fuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Na kwenye simu ya zamani tovuti hii inasuasua kidogo, mwambie rafiki yako awe na subira.

Ya pili ninayoipenda kupita kiasi ni Snapshot Serengeti, iliyo ndani ya Zooniverse, tovuti ambako watu wa kawaida huwasaidia watafiti kazi zao. Watafiti wa simba wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Serengeti. Mnyama akipita, kamera inajipiga yenyewe. Picha zikawa mamilioni na watafiti wenyewe wasingezimaliza, ndipo mwaka 2012 wakaziweka mtandaoni ili mtu yeyote asaidie kuzitambua. Unaletewa picha, unataja ni mnyama gani, wako wangapi, wanafanya nini, na kama kuna watoto. Hakuna ada, na si lazima ujisajili.

Hii nilimtumia binamu yangu mwenye watoto wawili wa shule ya msingi. Sasa simu wanagombania wao. Picha nyingine ni rahisi, nyumbu wamejaa mpaka pembeni. Nyingine ni ya usiku, unaona macho mawili yanang'aa na mgongo wenye mteremko, na hapo ndipo ubishi unapoanza: fisi au mbwa mwitu? Kuna iliyowapa kazi sana, mguu mmoja tu mrefu umeingia kwenye kona ya picha, mpaka mdogo mtu akasema twiga kwa kuangalia mabaka. Ukikosea haiharibu utafiti, maana picha moja huonyeshwa watu wengi na majibu yao hulinganishwa. Kinachonigusa ni kwamba watoto wa Tanga, ambao nauli na kiingilio cha Serengeti wazazi wao hawana, wamejifunza kumtofautisha kongoni na nyamera, na kazi yao inaingia kwenye utafiti wa mbuga ya nchi yao. Kuna nyakati mradi husimama kusubiri picha mpya. Ukikuta hivyo, Zooniverse ina miradi mingine mingi.

Kwa walimu, jibu langu ni moja: PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Aliyeianzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni majaribio ya fizikia, kemia, hesabu na biolojia ambayo mwanafunzi anayafanya kwenye kioo, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Rafiki yangu anafundisha fizikia kwenye shule ya kata ambayo maabara yake ina meza kuliko vifaa. Nilimwelekeza kwenye lile la saketi za umeme: unaburuta betri, waya na balbu, unaviunga, na vichembe vya umeme vinaanza kutembea ndani ya waya. Ukiunga waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine bila balbu, betri inawaka moto pale pale. Darasa zima lilipiga kelele. Wanafunzi wake walikuwa wamekariri maana ya shoti, siku hiyo wakaiona, na hakuna betri iliyoungua. Uzuri mwingine ni kwamba kila jaribio linapakuliwa kama faili moja. Analiweka kwenye fleshi na kulifungua kwenye kompyuta ya shule isiyo na intaneti.

Wazazi wenye watoto wadogo nawapa African Storybook, mradi wa Afrika Kusini wenye hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Ni bure, unaweza hata kuchapa. Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kuna moja ambayo wengi hawaijui na wangepaswa kuijua: TanzLII. Humo zimo hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu pamoja na sheria za nchi, bila malipo. Dada mmoja tunayefahamiana alikuwa na mgogoro wa kiwanja cha urithi, na kila mtu anamwambia lake. Tulikaa, tukatafuta hukumu za kesi zinazofanana na yake, tukasoma majaji waliangalia nini: nani aliteuliwa msimamizi wa mirathi, mauziano yalishuhudiwa na nani, muda wa kufungua shauri ulikuwa umepita au la. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza na zinachosha. Wakili alimtafuta hata hivyo, na ndivyo inavyotakiwa, lakini alikwenda ofisini kwake akijua maswali ya kuuliza na karatasi za kubeba. Jirani zetu Wakenya wana Kenya Law, nayo imesheheni.

Burudani tupu sasa. Walio mbali na nyumbani nawatumia Radio Garden, iliyozaliwa Uholanzi mwaka 2016. Ni dunia yenye vidoti vya kijani, kila kidoti ni mji wenye redio, unagusa inalia. Rafiki yangu aliyeko Muscat anapikia redio za pwani jikoni kwake. Kuhusu bando: redio inayorusha kwa kbps 128 inakula kama MB 58 kwa saa, kwa hiyo ni ya kusikiliza kwenye Wi-Fi au ukiwa na kifurushi cha maana. Walioko Uingereza wajue kwamba tangu 2022 wanafunguliwa stesheni za huko huko tu, kwa sababu za leseni.

Wapenzi wa sataranji nawapeleka Lichess, kazi ya Mfaransa Thibault Duplessis tangu 2010. Haina matangazo hata moja, inaendeshwa kwa michango. Unatengeneza linki ya mchezo, unamtumia mwenzio, anaifungua na mnaanza, hata kama hamjajisajili.

Na ukurasa ukipotea, labda tangazo la kazi limeondolewa kabla hujalinakili, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive. Wanahifadhi nakala za kurasa tangu 1996. Wewe pia unaweza kuwaagiza wahifadhi ukurasa leo, na mimi hufanya hivyo kwa kila tangazo ninalohisi litafutwa.

Neno la mwisho ni kuhusu linki zenyewe, maana zile za "umeshinda GB za bure, tuma kwa watu kumi" zinaumiza watu, hasa wazazi wetu. Kabla ya kugusa, tafuta alama ya mkwaju (/) ya kwanza baada ya jina la tovuti, halafu soma kilicho kabla yake, upande wa kushoto. Tovuti ya serikali yetu huishia .go.tz hapo, ya Kenya .go.ke. Anwani inayoanza na necta.go.tz kisha ikaendelea na nukta na maneno mengine mpaka .com si ya Baraza la Mitihani, hata nembo ikiwemo. Msimu wa matokeo ndio wakati wake. Na kama unahofia barua pepe yako ilishavuja mahali, iandike kwenye Have I Been Pwned ya Troy Hunt, itakuonyesha imevuja kupitia huduma zipi. Ukiikuta humo, badilisha nywila siku hiyo hiyo kila ulipoitumia.

Ninayoitafuta mimi ni tovuti nyepesi ya majedwali ya maji kujaa na kupwa kwa pwani yetu, Tanga mpaka Pemba, isiyofunikwa na matangazo na inayoonyesha waziwazi siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Anayeijua aiweke hapa na aseme inafunguka vipi kwenye simu ndogo. Yule jamaa wa mashua ananiuliza kila wiki.