Simu ya Miaka Miwili Ndani ya Boksi: Mpya au Imeshachoka?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Hii safu naisoma sana ila leo ndo nimeamua kuandika. Nimenunua simu mpya, boksi lina sili yake, nimelifungua kwa mkono wangu mwenyewe, sasa kufika nyumbani nageuza boksi naona imetengenezwa karibu miaka miwili iliyopita!! Rafiki yangu mmoja ananiambia nimepigwa, eti simu ikikaa sana inakufa ndani kwa ndani. Mwingine anasema nina bahati kwa sababu zile za mzigo wa kwanza ndo zinakuwaga imara, baadaye kampuni inabana matumizi. Nimsikilize nani? Na je niirudishe?

JIBU: Kila mmoja kashika kipande cha ukweli halafu kakivuta mpaka kikakatika, ndo maana wanakuchanganya.

Tuanze na huyu wa kufa ndani kwa ndani. Tarehe ya kwenye boksi la simu sio kama ile ya kwenye dawa kwamba siku ikifika basi tupa. Prosesa, kioo, kamera, spika, vyote hivyo vikikaa vimezimwa sehemu kavu isiyo na joto miaka miwili havijui hata kama muda umepita. Anayejua ni betri. Betri za lithiamu zinazeeka hata usipozigusa, kemikali zilizomo zinaendelea kulana taratibu, na kinachoharakisha ni vitu viwili: joto, na kukaa zimejaa chaji. Kuna na upande wa pili, kukaa tupu. Betri inavuja chaji yake kidogo kidogo hata simu ikiwa imezimwa, ikishuka chini sana inaharibika na wakati mwingine haiamki tena. Ndo maana Apple wanashauri kifaa kinachowekwa muda mrefu kiachwe na chaji kama nusu, kihifadhiwe mahali penye joto lisilozidi nyuzi 32, na kikikaa zaidi ya miezi 6 kirudishwe kwenye nusu kila miezi 6. Sasa niambie, ni nani huko stoo anafungua maboksi kila miezi 6 achaji simu za wateja? Hakuna.

Mimi yamenikuta. Niliisahau simu kwenye droo ikiwa sifuri, zaidi ya mwaka, siku naitoa mfuniko wa nyuma umenyanyuka, betri imevimba kama mto. Ukikuta hali hiyo usichaji, usibonyeze, usijaribu kuitoboa, ipeleke kwa fundi.

Kwa hiyo mambo yako yanategemea ilikaaje kuliko ilikaa muda gani. Simu ya miaka miwili iliyokaa pakavu na baridi na chaji nusu inaweza kuwa nzima kuliko ya miezi minane iliyopigwa joto kwenye kontena. Unachotakiwa kufanya ni kuichaji mpaka ijae, uitumie kawaida siku kama nne tano huku unaangalia: je inaruka kutoka asilimia 30 hadi 12 ghafla? inazima kabla haijafika sifuri? inapata moto ukiwa huifanyii kitu? mfuniko umekaa sawa au unacheza? Siku ya kwanza usiihukumu kabisa, kwa sababu itakuwa inashusha apdeti za miaka miwili na kupanga mafaili yake, lazima ipate joto na kula chaji.

Yule rafiki wa pili naye, huyo wa mzigo wa kwanza, hapo ndo penye utamu. Ukweli ni kwamba tarehe ya kutengenezwa imeshawahi kuwa ndo tofauti kati ya simu nzima na mbovu, za jina lilelile, muonekano uleule. iPhone 6s zilizotengenezwa Septemba na Oktoba 2015, baadhi yake zilikuwa zinajizima tu, na mwaka 2016 Apple wakatangaza kubadilisha betri bure kwa kuangalia serial namba, ile namba ya pekee ya kila simu. iPhone 12, baadhi ya zilizotengenezwa kati ya Oktoba 2020 na Aprili 2021 spika ya sikioni ilikuwa inakosa sauti. Hizo ni za mwanzo mwanzo, rafiki yako anakosea hapo, mzigo wa kwanza sio lazima uwe bora. Lakini usikimbilie kusema basi za baadaye ndo salama, maana iPhone 14 Plus zilizoleta tatizo la kamera ya nyuma zilitengenezwa kuanzia Aprili 2023 mpaka Aprili 2024, wakati simu yenyewe iliingia sokoni 2022. Na Galaxy Note7 ya Samsung ya 2016 ndo usiseme, mzigo wa kwanza ulirudishwa kwa sababu betri zilikuwa zinawaka, wakaleta wa pili wenye betri za mtengenezaji mwingine, nao ukawaka kwa kosa tofauti kabisa. Kwa hiyo tarehe peke yake haikuambii kitu mpaka uiweke pamoja na modeli. Ingia tovuti ya kampuni, sehemu ya huduma, tafuta kama modeli yako ina programu ya matengenezo ya bure, weka serial namba, dakika mbili umemaliza.

Ila kuna tarehe nyingine ambayo marafiki zako wote wameisahau na mimi ndo ningeiangalia kwanza: siku modeli ilipotoka. Apdeti nyingi zinahesabiwa kuanzia hapo, sio siku uliyonunua wala siku kiwanda kilipofunga boksi. Pixel 8 ya Google ilitoka Oktoba 2023 ikaahidiwa apdeti za miaka 7, maana yake Oktoba 2030 mwisho, hata kama wewe umeinunua 2028 ikiwa na sili.

Kuirudisha? Kama betri imepita hayo majaribio, usirudishe. Kama haijapita, rudisha sasa hivi wakati risiti bado ina nguvu, waranti kwa kawaida inaanza siku ya kununua kwa hiyo uzee wa boksi haukupunguzii haki.

SWALI: Nawezaje kujua imetengenezwa lini kama boksi sina? Nimeambiwa nibonyeze *#06#.

JIBU: Hiyo inakupa IMEI, namba 15 zinazotaja modeli na kifaa chako, tarehe haimo. Ukiwa na iPhone 15 au ya baadaye, ingia setingi upande wa afya ya betri, utakuta mwezi betri ilipotengenezwa, mwezi ilipoanza kutumika, na imezunguka chaji mara ngapi, yaani imemaliza chaji nzima na kujazwa tena mara ngapi. Hapo ndo watu wanaumbuka, umeuziwa "mpya" halafu unakuta ilianza kutumika mwaka juzi na imezunguka mara 300.