Kabla ya kukoroga, hakikisha mtego ni duara

Wadogo zangu mnaoingia maabara ya atomu baridi, najua mnachokitamani. Mmeiona ile picha ya MIT, chuo cha Marekani, ya 2001: wingu la atomu za sodiamu lenye vorteksi (vimbunga vidogo vyenye tundu katikati) hadi 130, kila moja na jirani zake sita, kama vyumba vya sega la nyuki. Nami ndiyo iliyonivuta.

Maji ya bakuli ukiyakoroga huzunguka yote pamoja. Wingu la Bose-Einstein, yaani atomu zilizopoozwa mno hadi zikaenda zote kama kitu kimoja, halifanyi hivyo. Hutulia tu mpaka ukoroge kwa kasi inayotosha, kisha mzunguko huingia kwa vipimo kamili, vorteksi moja baada ya nyingine. Kundi la Jean Dalibard, Paris, lilikoroga wingu la atomu za rubidi kwa mwali wa leza, mwiko wa mwanga, na matokeo yakatoka 2000. Mtego ni uga wa sumaku unaolishika wingu, na masafa yake ni mara ngapi wingu huyumba ndani yake kwa sekunde. Kasi ya kuanzia ni takriban 0.7 ya masafa hayo: mtego wa hezi 100 (mara 100 kwa sekunde), koroga kwa 70 hivi. Hapo ndipo wingu linapokubali kuvutika na kuwa duaradufu, na vorteksi huingilia pembezoni.

Sasa sikilizeni kosa langu. Wiki tatu nilikoroga bila kupata tundu hata moja. Nikaongeza nguvu ya leza, nikapunguza, nikabadili muda. Mwiko haukuwa na tatizo. Mtego ndio uliokuwa umbo la yai. Mtego wa namna hiyo hulifungia breki wingu: atomu za joto zilizobaki nje ya hali ya Bose-Einstein hupoteza mzunguko wake kila zikipita kwenye upande uliobanwa, nazo huwavuta wenzao nyuma.

Kipimo chake ni rahisi. Lisukumeni wingu kimshazari, katikati ya mihimili miwili ya mtego (urefu wa yai na upana wake), kisha pigeni picha kila baada ya milisekunde chache. Mtego wa duara, wingu litakwenda na kurudi kwenye mstari uleule. Langu liligeuza mstari kuwa duara ndani ya milisekunde 125, maana yake masafa ya mihimili hiyo miwili yalipishana kwa hezi 2. Siku nzima ya kurekebisha mikondo ya koili, basi.

Na msizitafute tundu wingu likiwa bado mtegoni, kwani zina upana usiofika hata mikromita moja. Zimeni mtego, liacheni lipanuke milisekunde 20 hivi, ndipo mpige picha. Usiku ule nilihesabu nne, nikarudia kuhesabu kwa kidole juu ya kioo.