Kabla ya kumnunulia mtoto darubini

Wazazi wengi hapa Mombasa wakisikia kwamba mimi ni mtafiti wa fizikia ya nyota, huniuliza wamnunulie mtoto darubini gani. Huwaambia wasubiri. Kwanza mpelekeni kwa bibi au kwa mvuvi akafunzwe kilimia.

Kilimia ni kile kishada cha nyota sita au saba zilizosongamana. Wazee husema, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimewasikia wasomi wakiuita usemi huu ushirikina, na huniuma sana, maana ndani yake mna uchunguzi wa kweli wa watu walioitazama mbingu vizazi na vizazi. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, kilimia huwa upande mmoja na jua, kwa hiyo hatukioni. Juni hutokeza tena mashariki kabla ya alfajiri kupambazuka, mvua kubwa zimepungua na upepo wa kusi umeshika. Mkulima na nahodha walipata kalenda yao hapo.

Lakini kilimia hakileti mvua. Mvua hufuata pepo, na pepo hugeuka kwa kuwa jua hutuwakia kutoka kaskazini ya ikweta nusu ya mwaka, na kusini yake nusu nyingine. Nyota zile ni alama tu ya mahali dunia ilipofika katika safari yake ya kulizunguka jua. Ziko mbali mno: nuru tunayoiona leo imesafiri takriban miaka 440, yaani ilitoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593.

Sasa mlinganishie na bahari. Kila mvuvi wa Likoni anajua kwamba bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huja mwezi ukiwa nusu. Je, huu nao ni alama tu? La, hapa mwezi ni sababu yenyewe. Unaivuta bahari, jua nalo linavuta, na wakiwa kwenye mstari mmoja nguvu zao hujumlishwa. Isaac Newton alilieleza hilo mwaka 1687, na kwa kanuni zile zile bandari ya Kilindini hujua mapema meli itakuta maji kiasi gani.

Mtoto akishaweza kutenganisha alama na sababu, amepata kilicho bora kuliko chombo chochote cha dukani. Litamfaa hata kwenye dawa za mitaani, na hata kwenye habari zinazosambazwa kwenye simu. Mtu akimwambia yeye ni nyota ya Nge ndiyo maana ana hasira, atauliza tumejuaje. Na akichunguza atakuta kwamba jua hupita mbele ya nyota za Nge kwa wiki moja hivi tu, na wiki hiyo sasa huangukia mwishoni mwa Novemba, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole na tarehe za zamani zimeshahama. Amjibu kwa adabu lakini. Dharau haijamfunza mtu sayansi.

Wapo wanaoniambia elimu hii ni ya Ulaya na Marekani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, hapa hapa pwani yetu, ikaitwa Uhuru. Wangapi wamefunzwa hilo shuleni?

Kwa kuanza, mpe daftari. Achague ukuta au nguzo moja ufukweni, na kwa wiki mbili aandike saa ambayo maji yamejaa kabisa, na pembeni auchore mwezi. Ataona maji yakichelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na mwezi nao hivyo hivyo. Msimpe jibu mapema. Akishaanza kuuliza mwenyewe, binokula ya kawaida itamtosha kuyaona mashimo ya mwezini, na darubini itangoja.