Maswali na majibu: kazi nzito za kanzidata kwenye seva ya pamoja

Majibu haya yanahusu PostgreSQL inayoendeshwa kwenye Linux.

Naanzisha ripoti kwa `nice -n 19 psql`, lakini tovuti bado inasuasua. Kwa nini?

nice hushusha kipaumbele cha programu kwenye prosesa (19 ndicho cha chini kabisa), ila umemshushia asiye na kazi. psql, programu ya kuandikia amri za kanzidata, hutuma ombi na kusubiri tu. Anayetoka jasho ni mchakato wa upande wa seva, na PostgreSQL hutenga mmoja kwa kila muunganisho. Ndani ya kikao chako andika kwanza:

`SET max_parallel_workers_per_gather = 0;`
`SELECT pg_backend_pid();`

Ya pili inakupa namba ya mchakato huo. Ukipata mathalani 4312, nenda kwenye terminali ya seva, umshushe kwa renice (nice ya mchakato ambao tayari unaendeshwa):

`sudo renice -n 10 -p 4312`

Ile SET usiiruke: inazuia ombi lako kugawiwa michakato saidizi. Hiyo huzaliwa na mchakato mkuu wa PostgreSQL, si na wako, hivyo hairithi kipaumbele ulichokishusha. Na kama mnapitia PgBouncer (programu inayowagawia wateja wengi miunganisho michache), achana na renice kabisa: muunganisho uleule atapewa mteja mwingine ukiwa bado umeshushwa.

Kwa nini 10, si 19?

Kwa ripoti ya kusoma tu, 19 haina neno. Hatari iko kwenye UPDATE na DELETE: mchakato unaojikongoja bado umeshika kufuli za rekodi, na kila anayezihitaji anakwama nyuma yake. Hapo dawa ni kuikata kazi vipande:

`DELETE FROM logi WHERE id IN (SELECT id FROM logi WHERE tarehe < '2024-01-01' LIMIT 5000);`

Fanya COMMIT, pumzika sekunde moja, rudia hadi ijibu `DELETE 0`.

Prosesa imetulia, diski ndiyo imeelemewa.

Jaribu `sudo ionice -c 3 -p 4312`, inayoshusha kipaumbele cha mchakato kwenye diski, lakini kwanza soma `/sys/block/sda/queue/scheduler` (weka jina la diski yako), faili linaloonyesha kipanga foleni cha diski. Ikionyesha `[none]`, amri itapokelewa bila kosa lolote na hakuna kitakachobadilika. Hata kwenye `[bfq]` utapunguza usomaji zaidi. Kurasa (vipande vya data) nyingi zilizobadilishwa huandikwa diskini na checkpointer, mchakato tofauti kabisa.

Na nakala rudufu?

`pg_dump duka | pv -L 10m | nice gzip > duka.sql.gz`

pv inabana mwendo hadi mebibaiti 10 kwa sekunde, na pg_dump inalazimika kusubiri. Usibane kupita kiasi: muda wote huo VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, haiwezi kuondoa rekodi zilizokufa (zilizofutwa au kubadilishwa) baada ya nakala kuanza, na majedwali yanavimba.